Gauni la Dada

Jumatatu, 4 Machi
Kesho ndiyo kesho! Chama cha wafanyakazi kimenichagua mimi niwasemee madobi wote wa hospitali mbele ya mwamuzi. Serikali inasema mshahara wetu unatosha, sisi tunasema hautoshi. Mwamuzi atakata shauri, na akishakata, miaka miwili hakuna wa kulifungua. Katibu wa chama kanisihi: sema yote, mvuke, dawa inayobabua mikono, mikopo ya dukani. Dada kaniazima gauni lake la sherehe na mkoba. Nimejitazama kwenye kioo — dobi gani huyu!

Jumanne, 5 Machi
Nijifiche wapi mimi.

Mwamuzi ni mama wa makamo, mpole, kanisalimu vizuri. Mikono yangu nikaiweka chini ya mkoba. Mikono yenyewe ndiyo ushahidi! Wakili wa serikali akasimama, kijana mwenye adabu zake. "Na nyumbani, mama, mnaendeleaje kwa mshahara huu?"

"Tunamshukuru Mungu. Hatulali njaa."

Ndivyo ninavyomjibu kila mtu. Marehemu mama alitulea hivyo: shida za ndani hazianikwi mbele ya wageni. Wakili akasema ahsante, akaketi. Katibu akaniuliza upya, akinivuta niseme. Nikasema shida hazikosi, lakini tunajikaza. Kwa tabasamu! Na lile gauni!

Ijumaa, 8 Machi
Kazini wamenipokea kama bibi harusi. Mama Pasi, anayepiga pasi tangu sijaajiriwa, kanivutia kiti karibu na dirisha, penye hewa. Kawaambia wenzetu, huyu katusemea. Akipandishiwa mshahara ataacha kupigia watu pasi nyumbani, mgongo umemchosha. Nilitaka kusema. Nikakunja shuka.

Jumatano, 27 Machi
Uamuzi umetoka. Wapishi wamepandishiwa. Wasafishaji wamepandishiwa. Madobi — palepale.

Katibu alitusomea uani. Kufika kwetu akasita, akanitazama, akasema tu kwamba mwamuzi hakuona dhiki ya kutosha. Baadaye kanionyesha pembeni alichoruka: shahidi wa madobi mwenyewe kakiri wanajimudu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Mama Pasi anasema mwamuzi kahongwa, na wote wameitikia. Mwamuzi wa watu hajala hata senti ya mtu! Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimeuficha na wa wenzangu.

Alhamisi, 28 Machi
Leo nimekata shauri langu: nimwambie Mama Pasi. Baada ya kazi nikaenda kwake. Mlango uko wazi, nguo za watu zimejaa kitandani, pasi ya mkaa inafuka. Nikauliza habari za hapa.

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Hatulali njaa."

Na mikono akaificha ndani ya aproni. Kwangu mimi, ninayeijua mikono hiyo!

Kaniondolea rundo la mashati nipate pa kukaa. Nikaanza: mama, kuhusu lile shauri... Akanikata. Nisijisumbue, anajua limeniuma. Wameshakubaliana wote, miaka miwili ikipita nikasimame mimi tena, maana najua kuongea na wakubwa.

"Ila safari hiyo," akasema, "gauni nitakunyooshea mwenyewe."

Akageukia pasi, akapuliza mkaa. Nikasimama nyuma yake. Nikachukua shati moja, nikaanza kulikunja.