Tarehe Ishirini na Tano Ubaoni

Jumatatu, 16 Juni 2025

Saa moja kasorobo nilikuwa shuleni. Ukungu mzito. Ubao ulikuwa umelowa, nikaupangusa kwa leso yangu ndipo chaki ikashika. Siku kama ya leo, 1976: wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi.

Mwaka wa kumi na moja huu naandika. Kila asubuhi ya shule, jambo moja lililotokea tarehe hiyo hiyo mahali fulani. Hakuna aliyenituma. Ubao wenyewe ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, nje ya chumba cha walimu. Wengi hupita bila kuutazama. Sijali.

Leo Kwamboka wa Kidato cha Tatu alisimama mbele yake mpaka kengele ikalia. Akaniuliza mbona mambo haya hutokea kwa watu wengine tu. Nikamwambia angoje wiki ijayo, tarehe ishirini na tano.

Nimefurahi kuulizwa. Siku nyingi sijaulizwa kitu.

Jumatano, 18 Juni

Vita vya Waterloo, 1815. Hakuna aliyesimama. Hata mimi nisingesimama.

Bwana Mogaka, mkuu wa shule, aliniita ofisini baada ya chai ya saa nne. Nilimfundisha huyu kijana Kiswahili na Historia. Sasa ana upara na bado huniita Mwalimu, na tukiwa mbele ya watu, Madam. Alizunguka sana. Akauliza hali ya mume wangu, akasifu matokeo ya Kidato cha Nne. Mwishowe akasema amesikia wanafunzi wanaingojea tarehe ishirini na tano kama sikukuu. Mwenyekiti wa bodi naye amesikia. Shule inataka utulivu. Akanishauri siku hiyo niandike uhuru wa Msumbiji, basi.

Nikasema nitafikiria.

Nimejikasirikia njia nzima hadi nyumbani. Nitafikiria nini? Mwaka jana, tarehe hiyo, vijana walijaa barabarani Nairobi na miji mingine mingi, hata Kisii mjini, kuupinga mswada wa fedha. Waliingia bungeni. Kuna waliouawa. Dunia nzima iliona. Mimi mwalimu wa historia ndiye nijifanye nilikuwa nimelala.

Alhamisi, 19 Juni

1865, watumwa wa Texas wanatangaziwa kwamba wako huru. Walikuwa huru kwa miaka miwili na nusu na hakuna aliyewaambia.

Niliandika polepole. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwahusu watu wa Texas.

Ijumaa, 20 Juni

Sikuandika.

Mara ya kwanza nikiwa mzima wa afya. Nilisema nimechelewa. Uongo. Nilifika mapema kuliko wote nikakaa tu na chaki mkononi. Nimebakisha mwaka mmoja na nusu nistaafu. Nimeogopa. Naandika hili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 22 Juni

Nimeenda kwa kina Ombati, mteremko wa pili ukitoka Ekerenyo sokoni. Nimeenda kwa miguu ili nipate muda wa kubadilisha nia. Sikuibadilisha.

Ombati alimaliza shule kwetu kisha akaenda chuo kikuu Nairobi. Ndiye mwanafunzi bora wa historia niliyewahi kuwa naye. Mwaka jana alirudi nyumbani na mguu mmoja. Kijiji kizima kinajua aligongwa na lori barabara ya Thika. Baba yake, mzee wa kanisa, ndiye aliyelitunga hilo lori, na kila anayeuliza huelezwa hata rangi yake. Mimi nimeujua ukweli tangu Septemba. Mama yake, Nyaboke, aliniambia akiwa ameinama juu ya ndizi zake sokoni kama anayezipanga. Tarehe ishirini na tano. Risasi. Kisha akasema nihesabu sikuambiwa kitu.

Nilimkuta Ombati uani akipandikiza miche ya parachichi. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magongo ubavuni. Anakata kijiti, anakichomeka, anakifunga kwa ukanda wa plastiki. Mikono haikosei. Ana miche mingi, imejipanga hadi kwenye migomba.

Nilieleza. Kwamba nitaandika tarehe ile. Kwamba sitaandika jina lake wala kudokeza, ila nilitaka asikie kutoka kwangu. Nyaboke alikataa kabla sijamaliza. Alisema mdogo wake Ombati anatafuta kazi ya serikali. Alisema watu wamelizoea lori, wameacha kuuliza, na yeye amepata kupumua. Alisema mimi nitastaafu niende zangu na wao watabaki na maneno. Yote aliyoyasema ni kweli.

Ombati alimaliza kufunga kijiti chake, akainuka. Alinisindikiza mpaka barabarani, magongo yakizama kwenye udongo. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Mwalimu, nimechoka na lile lori."

Akaegemea magongo, akaendelea.

"Kila Sabato wananiombea. Wanamwombea hata dereva asamehewe. Hakuna dereva, Mwalimu."

Kisha akauliza somo la historia la Kidato cha Tatu siku ya Jumatano ni saa ngapi. Nikamwambia saa mbili na nusu. Hakueleza kwa nini anauliza na sikumhoji.

Jumatatu, 23 Juni

Ubao haupo. Ukutani kuna matundu manne ya misumari na mraba safi ambao haujaguswa na vumbi miaka yote hii.

Naibu wa mkuu anasema umepelekwa stoo kupakwa rangi upya. Nimeomba mara ngapi waupake rangi? Kila mwaka tangu niuweke. Leo ndiyo wamesikia.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti chumbani mwa walimu mpaka mwalimu wa hesabu akaniletea maji.

Jumanne, 24 Juni

Mkutano wa walimu. Bwana Mogaka alisoma kwenye karatasi. Kesho masomo yaendelee kama kawaida. Mwalimu yeyote asizungumzie mambo ya sasa darasani. Akatamka "mambo ya sasa" bila kunitazama. Wenzangu walikuwa wameinamia simu. Siwalaumu. Ijumaa mimi pia niliinama.

Niliinua mkono. Nikauliza mwaka jana ni mambo ya sasa au ni historia. Bwana Mogaka akakunja karatasi yake. Mkutano ukaisha.

Zablon, mume wangu, alisikia habari hizi kwa kinyozi kabla sijafika nyumbani. Alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanikataza. Aliuliza kama blauzi yangu nyeupe imepigwa pasi kwa ajili ya kesho. Mtu huyu nimeishi naye miaka thelathini na bado hunishangaza.

Jumatano, 25 Juni

Niandike kwa mpangilio, kabla watu hawajaanza kunisimulia ilivyokuwa.

Barabara kimya. Waendesha boda boda wachache. Nusu ya wanafunzi hawakuja, wazazi wamewazuia. Kidato cha Tatu walikuwa kumi na tisa. Kwamboka alikuwa mbele.

Saa mbili na nusu niliingia na chaki yangu mwenyewe. Nikaandika kwenye ubao wa darasa, herufi kubwa.

Siku kama ya leo:
1950, vita vya Korea vinaanza.
1975, Msumbiji inapata uhuru. Leo ni miaka hamsini kamili.
2024, vijana wa Kenya wanaandamana kuupinga mswada wa fedha na kuingia bungeni. Wengine wanauawa.

Nilianza na Korea kwa sababu historia ina mpangilio. Nilikuwa bado Msumbiji niliposikia viatu vya Bwana Mogaka kwenye veranda. Akasimama mlangoni. Akausoma ubao wote.

"Madam, futa huo mstari wa mwisho."

"Sifuti."

"Nakuomba, Mwalimu."

"Niliyokufundisha hapa sikuyafuta, Mogaka. Na hili sifuti."

Sikupaza sauti. Akapiga hatua moja ndani, kama atakayekichukua kifutio yeye mwenyewe. Nikakishika. Mama wa miaka hamsini na minane, nimekumbatia kifutio cha ubao mbele ya watoto wa watu. Sikuona haya. Hata sasa sioni.

Ndipo tukasikia magongo.

Bawabu alimfungulia lango bila kumwandikisha, maana Ombati aliwahi kuwa kiranja hapa. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Bwana Mogaka alimpisha, akampa mkono, akaanza kumpa pole kama anavyompa kila wakikutana.

"Halikuwa lori, Mwalimu Mkuu," Ombati akasema. "Niruhusu dakika kumi."

Bwana Mogaka hakuruhusu wala hakukataa. Ombati akaingia, akaegemea meza yangu.

Hakuhutubia. Alisema alitoka hosteli na chupa ya maji na bendera ndogo. Walikuwa wakiimba. Mguu ulipoisha nguvu alidhani amejikwaa, akaona aibu kuanguka mbele ya wasichana. Wanaume wawili wasiomjua walimbeba, na mmoja alikuwa akimwuliza mambo ya mpira ili asifunge macho. Alisema hospitalini aliposikia baba yake akiwaambia jamaa kwa simu habari za lori, aliona heri, ataulizwa machache. Ikawa mwaka mzima. Akasema uongo ule ulimchosha kuliko magongo.

Mvulana mmoja akamwuliza kama anajuta. Ombati akasogeza gongo moja. Akasema anajutia mguu. Hajutii kwenda.

Bwana Mogaka alikuwa mlangoni hadi neno la mwisho. Kisha akaondoka. Mstari haukufutwa. Nilipopita saa kumi ulikuwa bado upo, na kumi na tisa wale walikuwa wameunakili.

Baada ya kipindi kile nilinawa chaki mikononi. Kisha nikaenda kufundisha Kidato cha Pili ngeli.

Alhamisi, 26 Juni

Barua imekuja. Nijieleze kwa maandishi kabla ya Jumatatu kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kukaidi agizo. Sahihi ya Mogaka ni ile ile aliyokuwa akiipamba kwenye madaftari ya somo langu.

Madagaska, uhuru, 1960. Na mwaka jana tarehe hii rais alikataa kuutia sahihi ule mswada. Sina ubao. Naandika hapa.

Jioni Nyaboke alikuja. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya sebule akanimwagia yote. Kwamba nilimwahidi sitamtaja mwanawe, na sasa soko zima linamtaja. Kwamba mumewe hajala tangu jana. Kwamba mimi sikukaa wodini wiki tisa. Nilimwacha aseme. Nilitaka kujitetea kwamba Ombati alikuja mwenyewe. Nikameza. Mimi ndiye niliyemtajia saa ya somo.

Alipochoka aliketi. Nikampa chai. Akakishika kikombe bila kunywa. Akasema leo wanawake wawili walimwuliza waziwazi, pale pale kwenye ndizi, na akawajibu. Mara ya kwanza. Akasema alingoja wamkimbie. Mmoja akanunua mkungu mzima.

Hakunisamehe. Alikunywa chai, akaenda.

Ijumaa, 27 Juni

Nimeandika jibu. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne, ina katiba, ina silabasi, ina majivuno. Nimeichana. Niliyopeleka ni hii: Mimi ni mwalimu wa historia. Jambo hilo lilitokea. Nililiandika.

Bwana Mogaka aliisoma akiwa amesimama. Akaiweka kwenye droo.

"Mwalimu, na mimi nina watoto."

Nikamwambia najua. Nimewafundisha wawili.

Hakusema kitakachofuata. Labda bodi itanihamisha niende Magwagwa au mbali zaidi. Labda watanistaafisha kwa barua. Na wafanye. Nikihamishwa nitatafuta ukuta huko. Chaki haina uzito.

Jumapili, 29 Juni

Jua zuri baada ya mvua. Nimechuma majani chai tangu asubuhi. Zablon anaumwa mgongo, kwa hiyo niko peke yangu kwenye mistari.

Moraa alikuwa akichuma kwake, ng'ambo ya ua. Tumekuwa majirani tangu niolewe. Husalimiana, huazimana chumvi, basi. Si mtu wa maneno. Tulienda sambamba karibu saa nzima, yeye na kikapu chake, mimi na changu. Nilisikia tu vidole vyake vikivunja machipukizi.

Tulipofika mwisho wa mstari hakugeuka kuanza mwingine. Alisimama akitazama majani.

"Hata binti yangu Gesare alikuwa pale," akasema. "Mwaka jana. Alirudi salama. Babake hajui."

Nikamwuliza Gesare hajambo.

"Hajambo."

Akafuta mikono kwenye leso. Akaanza mstari mwingine, nami nikaanza wangu. Tulichuma hadi vikapu vikajaa, na tulipoteremka kwenda kituoni kupima chai, tulienda pamoja.