Maswali Mekundu Thelathini na Saba

Tala,
Jumanne, tarehe 15 Julai

Muthoka mdogo wangu,

Daftari langu la maswali ya kemia lilipotea tarehe 14 Januari, siku ile ulipokuja kuliazima kwa siku mbili. Nimeanza na hilo usije ukasema sikulitaja. Sasa salamu. U mzima? Watoto je? Mwaitu yuko hapa kwangu, mguu umepungua kuvimba, na kama mama yeyote anamwambia kila mteja wangu wa sabuni kwamba mwanawe mwalimu ametoa kitabu.

Kitabu nimekiona. Maswali 412, jina lako juu. Aliyeniletea ni Peris, mtoto wa Nzuki, huyo mwanafunzi wako ambaye mimi namfundisha Jumamosi tangu Februari. Alitaka kujua mbona mwalimu wake anauliza maswali kama mimi. Nikafungua swali la 63: mtungi wa lita 18.6. Muthoka, wewe umeona wapi mtungi wa lita 18.6 ukiuzwa? Huo ni wangu wa sabuni, wa lita 20, ulianguka kule Kola ukabonyea, nikaupima kwa kikombe.

Mimi niliacha shule kidato cha pili ili wewe uendelee. Kemia nilijifundisha mwenyewe, kwa sabuni iliyonichuna vidole. Daftari lilichukua miaka tisa.

Nyuma ya kitabu kuna muhuri wa Rehana wa duka la fotokopi pale mjini, nikampigia. Akasema alikuuliza kama rangi zibaki, ukamjibu wino ni wino, apige yote kwa wino mweusi. Nilicheka, halafu nikakaa chini.

Ndani ya jalada la daftari niliandika, na hukusoma: maswali mekundu yana kosa, mwanafunzi alitafute. Ni 37. Anayemeza tu bila kufikiri, namnasa hapo. Kwako yote ni meusi. Swali la 208, mojawapo ya hayo, linamwambia mtoto amimine maji ndani ya asidi kali, tena haraka, badala ya asidi polepole ndani ya maji.

Sasa nikwambie langu. Hilo nililiona siku ileile kitabu kilipoletwa, tarehe 3, nikamrudishia Peris kitabu bila neno. Jumamosi ya tarehe 5 alikuja, nikamfundisha mambo mengine. Nilitaka mkuu wa shule aligundue, uulizwe mbele ya watu. Nilinyamaza siku nane nikizihesabu. Ya tisa ilikuwa Jumamosi, na Peris hakuja. Nikaenda kwao. Nzuki akaniambia kwamba Peris alijaribu 208 kwenye maabara yenu Ijumaa, peke yake, asidi ikamrukia. Macho yamepona. Shavu na mkono, la. Akasema wewe ulimweleza kwamba mtoto hakusoma maagizo vizuri.

Aliyasoma, Muthoka. Aliyafuata neno kwa neno.

Nilimwambia Nzuki kuhusu siku zangu nane. Hakunitukana. Alifungua lango akangoja nitoke.

Kidato cha nne wanaingia maabara Jumatatu na kitabu chako mkononi. Lazima waambiwe kuhusu hayo 37, na huwezi kueleza wino mwekundu bila kusema daftari ni la nani. Ndiyo maana umenyamaza, najua. Mimi nimeshasema langu.

Wasalimie watoto. Mwaitu anakusalimu, bado sijamwambia.

Utasimama kwenye paredi ya Ijumaa, mbele ya wanafunzi, useme, au hutasimama? Neno moja tu, kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Ikipita hapo, Ijumaa nitasimama mimi kwenye geti la shule na mtungi wangu.

Dada yako,
Kalekye