Filamu ya Renatus na Shuka ya Mama Yako

Nangwa,
Hanang, Manyara.
14 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Emanuel,

Shikamoo yako nimeipata kwenye simu, marahaba sana. Hujambo huko Dar es Salaam? Unakula vizuri, au bado ni chai na andazi mpaka jioni? Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza, mahindi tumepanda, ila goti langu limerudia visa vyake.

Filamu yako nimeiangalia kwa simu ya binamu yako Judith kabla mama yako hajaiona, kama ulivyoniomba. Nimejivunia wewe mno. Ila huyo mwigizaji uliyemfanya mama yako, mwanangu, analimaje na zile kope za bandia? Judith alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nijibu ulichoniuliza. Pale kiboko anapopindua mtumbwi wa Renatus akivua samaki ziwani Basotu niliogopa kweli. Usiondoe kitu hapo. Asiyeona vile hataelewa kwa nini mama yako mpaka leo hataki samaki nyumbani kwake.

Lakini pale ufukweni unapoonyesha maiti ya kaka yako, mpaka uso, hapana. Unasema wenzako wamekuambia watu watashtuka. Nilishtuka, ndiyo. Nilipotulia nikaona sijamjua Renatus zaidi, wala mama yako. Niliona damu tu.

Wewe ulikuwa bwenini shuleni, mimi nilikuwepo. Mama yako hakupiga kelele kama yule wa filamu. Alivua shuka yake mabegani, akamfunika mtoto wake kabla wanaume hawajafika, akakaa pale kwenye upepo na kigauni chake. Babu yako Gidabuday alimwomba afunue ili wahakikishe. Akasema, "Huyu mnamjua kwa miguu yake. Inatosha." Tulimzika na shuka ile.

Onyesha hiyo, mwanangu. Naandika hapa machozi yananitoka.

Mama yako ameshawaambia majirani wote kwamba Krismasi unaleta filamu ya Renatus, mtaionyesha pale ukutani kwenu. Viti ameazima kanisani, na amenunua shuka mpya ya kujitanda siku hiyo. Namjua wifi yangu. Ukionyesha ule mwili, atainuka mbele ya watu wote aende kuufunika ukutani.

Mjomba wako Ezekiel na Judith wanakusalimu sana. Mungu akutunze njiani, ufike salama.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Shangazi yako,
Marieta