Moshi wa Tembe ya Manyoni

Manyoni, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu uliokuwa ukivimba masika umetulia? Kahawa mmemaliza kuchuma? Mimi afya ninayo. Ninachokosa ni mtu wa kuniuliza kama ninayo.

Mama, mimi niliyepanda juu ya meza ya bwalo chuoni na kutangaza kwamba wanaouza mali ya umma watajibu mbele ya historia, leo nataka kununua nyumba iwe mali yangu binafsi. Usicheke. Muuzaji ni mzee aliyepunguzwa kazi relini. Anahamia Tabora kwa bintiye. Ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo juu ya magogo. Imekaa tupu misimu miwili ya mvua, na pembe moja imeporomoka.

Niliandika makadirio ya matengenezo kama nilivyoandaa hotuba, hoja kwa hoja: magogo, milango, ujira, dirisha la chumba cha mashariki, ambacho nimekitenga kiwe chako. Kisha nikamwita Fundi Msafiri, Mgogo wa hapa, ayahakiki. Alichokonoa magogo kwa kisu. Vumbi la mchwa likatumwagikia.

"Umeandika vizuri, Mwalimu," akasema. "Moshi uko wapi?"

"Moshi gani?"

"Wa jikoni. Tembe isipofukizwa kila siku, mchwa wanakula paa. Nikubadilishie magogo yote, halafu wewe unakula hotelini, unarudi kulala tu? Utaniita tena upesi."

"Basi nitaezeka bati."

"Ezeka. Watashuka kwenye kuta. Nani atapika humu?"

Mimi, ambaye mkuu wa chuo hakuwahi kuninyamazisha, nilikunja makadirio yangu nikayatia mfukoni. Mwaka mzima nafundisha hapa, na jiko nililonunua siku ya kwanza halijaona mkaa. Ningempikia nani?

Najua kwa kaka una wajukuu na migomba. Huku ni vumbi na upepo. Wala sikuombi uje kunitumikia. Nimehubiri usawa mno kuthubutu hilo. Kuni nitapasua, maji nitachota, ugali nitasonga mwenyewe. Naomba tu awepo mtu wa kupikiwa.

Mfikishie salamu kaka Alto, anayekutunza kwa niaba yetu sote, na shangazi Kolumba, aliyenifundisha kusoma kabla ya shule. Mzee anangoja jibu langu hadi mwisho wa mwezi. Mimi nangoja lako.

Mwanao akupendaye,
Gaudensi