Nimeitika Jina la Mwana wa Bi Umulkheir

Bi Rahima, kila Ijumaa nasikiliza redioni unavyosomea watu barua zao na leo ni zamu yangu, nisaidie, maana sina mwingine wa kumwambia haya bila kuonekana nimechanganyikiwa. Mimi ni Mtanzania wa Singida, mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, nimeletwa Kizingitini kwa mafunzo ya kazi kwenye mtambo wa barafu, ile ya kuhifadhia samaki na kamba, na ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi yangu. Nilidhani Kiswahili ni Kiswahili, lakini wiki za mwanzo nilikuwa kama bubu, nikisema wananicheka, wakisema sielewi, jioni najifungia natazama picha za nyumbani kwenye simu mpaka chaji inaisha.

Nimepangishiwa kwa Bi Umulkheir, mama mtu mzima anayeishi peke yake, chumba chenyewe kiko uani, kina mlango wake na kufuli yake. Zamani kilikuwa cha mwanawe Nabhan, ambaye alikwenda ng'ambo kusomea injini za meli, akaandika mara chache, kisha kimya, na hadi leo hakuna aliyeleta habari ya uhai wala ya kifo, wala matanga hayajakaliwa. Bi Umulkheir akawa ananiita Nabhan, nikamsahihisha kwa adabu, kesho yake akaniita tena. Jirani akaniambia mwitikie tu, mzee wa watu, utapungukiwa nini. Na mimi mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, Bi Rahima, kuitwa mwanangu na mtu aliyekupikia kuna utamu wake, basi siku hiyo akaita, nikajibu, "Labeka." Akaja mlangoni akanitazama sana, akasema, "Ndia ni ndefu, mwanangu, lakini umekuya."

Kuanzia hapo mambo yakawa mazuri, na hilo ndilo linaloniogopesha. Akanipa kikoi cha Nabhan, akanipa na viatu vyake, mimi tangu utotoni natembea nikikanyagia upande wa nje wa viatu, na vile vilikuwa vimeshalika upande uleule. Lugha ikafunguka, nikaanza kusema nti na mai, badala ya nchi na maji, bila kujua nimejifunza lini, watu wakaacha kunicheka. Kisha majirani wakaanza kuniuliza mbona siku hizi mchana siendi kazini, wanasikia nakohoa chumbani, na siku hizo nilikuwa mtamboni tangu asubuhi, Bwana Obeid msimamizi wangu ni shahidi. Juma lililopita nilirudi mchana kuchukua kipimo cha gesi nilichokisahau, jua liko utosini, mtaa mzima kimya. Nimeingia uani tu, Bi Umulkheir akiwa jikoni akaita "Nabhan", na kabla sijafungua mdomo akaitikiwa kutoka chumbani. Kufuli iko mlangoni, ufunguo ninao mfukoni, na ile sauti, Bi Rahima, ilikuwa yangu. Yeye akaendelea kukuna nazi, akauliza utakula sasa au baadaye, akajibiwa baadaye. Nikarudi kazini bila kipimo.

Ningehama kimya kimya, lakini kuna Hayat. Huyu ni mke wa Nabhan, anaishi Chundwa kwa kaka yake, na amemwomba kadhi atamke kwamba mumewe amekufa ili akae eda, awe huru, kwa sababu kuna mtu amemposa naye anampenda. Kesi inasikilizwa Jumatatu ijayo. Sasa Bi Umulkheir amepeleka habari kwamba mwanawe amerudi, yumo ndani, akiitwa anaitika, na majirani wako tayari kula kiapo kwamba wamemsikia. Jumamosi Hayat alikuja na kaka yake, akasimama mlangoni akanitazama kuanzia miguuni, miguu yangu imo ndani ya vile viatu, machozi yakamtoka. Akasema, "Wewe si yeye. Nambie kwa mdomo wako, wewe ni nani?" Nikafungua mdomo nitaje jina langu, likawa halipo. Nikasimama tu mpaka wakaondoka.

Nikisema ukweli kwa kadhi nitamuua yule mama kwa majonzi, nisiposema Hayat atabaki mke wa mtu asiyekuwepo maisha yake yote, na mimi mwenyewe naogopa, Bi Rahima, naogopa sana. Nifanye nini? Jina langu na namba yangu nimekuandikia hapa chini, jina lenyewe nimelinakili kutoka kwenye pasipoti. Tafadhali lisisomwe hewani.

Bi Rahima anajibu:

Pole, mwanangu. Ugeni ni mzito, na wewe huna mama, ukaitwa mwanangu, ukaitika. Hilo sikulaumu. Lakini hebu nikuulize, kwenu mtu huokota jina la mwenzake akalivaa? Huku kwetu mtu akipotea na matanga yake hayajakaliwa, jina lake haliitikiwi na mwingine mpaka kadhi aseme. Tunawakataza hata watoto kwenye michezo. Jirani aliyekwambia uitikie alilijua hilo vizuri, alitaka tu kupumzika na kilio cha bibi wa watu, na ningekuwa karibu ningemwendea. Wewe hukulijua, lakini pia hukuuliza. Ukiletewa mashine usiyoijua, mhandisi mzima, unabonyeza tu?

Halafu wasema utamuua Bi Umulkheir kwa majonzi. Majonzi anayo tangu mwanawe aliponyamaza, ulichomnyima ni nafasi ya kuyalia. Na Hayat ujana wake unapita huku wewe umesimama mlangoni umenyamaza. Hapo nimekasirika nawe, wallahi.

Basi sikiza. Leo hii vua viatu vile, kikunje kikoi, umrudishie mama kwa mikono miwili. Mwambie jina lako, la babako na la babu yako. Akikuita Nabhan usiitike, hata akilia, hata ukilia wewe. Chumba kile usilale tena, mwombe Bwana Obeid akutafutie pa kujisitiri. Jumatatu chukua pasipoti yako wende kwa kadhi, ujitaje, na majirani wakuone ukijitaja. Na matanga yakikaliwa, rudi ukae na wanaume, ubebe sufuria, uwe mgeni mwenye jina lake. Siku hiyo Bi Umulkheir atakuhitaji kuliko leo.

Kuhusu ile sauti, nilitaka kukwambia ni upweke na jua. Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Kisha jana adhuhuri nikapiga namba yako nikujulie hali. Alipokea kijana mpole, Kiamu chake, lahaja ya huku kwetu, safi kabisa. Nikakutaja jina, nikaomba kusema nawe. Akanijibu kwa adabu kwamba hapo hakuna mtu wa jina hilo, na hajapata kulisikia. Nikamuuliza yeye ni nani, akasema samahani, mama anamwita, akakata simu.

Sijui nilisema na nani. Kama ni wewe, inuka sasa hivi ufanye niliyokwambia, usingoje kipindi kiishe. Na kama ni wewe, Nabhan, na unasikiza, basi nawe nisikie. Kama uko hai, jitokeze Jumatatu mbele ya kadhi, umpe Hayat talaka yake. Kama umekufa, mwanangu, kufa basi. Akae eda yake, aolewe.