Sahani ya Kambale

Masika, mujukuu wangu wa kule Kinshasa,

Habari ya siku mingi? Huku Butembo tuko, Mungu anatulinda. Dada yako alizaa mutoto mwanaume. Baba yako hafike tena ku shamba yetu ya Oicha sababu ya vita, kakao inaoza kule; tuache ile.

Unaniuliza kama ukatalie mutoto wako mukate na maziwa, sababu batu banasema ni dawa ya autisme, ile hali yake ya kutosema, eti ataanza kusema. Miye sijue. Lakini nilikumbuka mudogo wangu Kambale. Ye pia hakusemaka. Siye batoto wote tulikulaka ku sahani moja, na hakuna mutu aligusaka upande wake.

Munganga wa kienyeji akaambia mama: "Chumvi hapana, maharagi hapana. Apikiwe yake, akule peke." Mama alimupendaka sana, donc alifanya vile.

Neno halikukuya. Alikonda tu. Lakini kila mangaribi Kambale alibebaka sahani yake, anakuya kuiweka karibu na yetu, mpaka zinagusana. Mama anamurudisha ku kona, machozi ku macho.

Wewe uende kwanza kwa munganga wa hospitali. Kama anakataza maziwa, basi ninyi wote muache maziwa, mukule pamoja naye.

Kambale alikufa angali mudogo. Tulingojea aseme, na kila mangaribi alikuwa anatuletea sahani.

Umukumbatie mutoto wako kwa ajili yangu.

Koko yako, Kavira