Nilisema Claude Maana Yake Mwanga

Jumatano, Kimironko. Mvua tangu asubuhi, na mimi bado nimevaa shati la jana.

Acha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Mtoto wa dada yangu anaitwa Claude. Jina hilo nililitoa mimi. Siku ya nane baada ya kuzaliwa kwake, ndugu na majirani walijaa sebuleni, kila mmoja akipendekeza jina la mtoto, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilisoma seminari ndogo miaka miwili tu, kabla mapadri hawajagundua kwamba wito wangu ulikuwa chakula. Lakini katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye Kilatini. Basi zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema kwa sauti ya mimbarini: Claude ni Kilatini, maana yake mwanga. Wakapiga makofi. Shemeji akalichagua papo hapo.

Sikujua maana yake. Lilisikika tu kama lina mwanga ndani.

Wanyarwanda tunasema jina ndilo mtu. Dada yangu analiamini hilo kuliko dawa. Claude sasa ana miaka kumi na miwili, ana uvimbe mbaya kwenye mfupa wa goti, na kesho watamkata mguu wa kushoto. Wiki tatu sasa mama yake anapiga magoti kando ya kitanda cha hospitali: "Wewe ni mwanga, mwanangu. Mjomba wako alisema."

Juzi nikatafuta jina hilo kwenye simu, nipate la kumwongezea dada katika sala. Linatoka kwenye neno la Kilatini *claudus*.

Kiwete. Anayechechemea.

Nilisoma mara tano. Simu haikubadili mawazo.

Tangu hapo chakula hakipiti, na kula ndicho kipaji pekee nilichopewa. Najua jina halioteshi uvimbe. Mji huu una akina Claude wangapi wanaocheza mpira? Lakini nenda kamwambie dada yangu. Akijua, kwake mimi ndiye nitakayekuwa nimeshika kisu.

Leo alasiri dada alitoka wodini kwenda kuchukua uji. Nikasema sasa, nitubu kwa mtoto mwenyewe. Sijafungua hata mdomo, akaniwahi.

"Tonton, mjomba wangu, ile seminari ulisoma kweli, ama ulikuwa unapita tu kwenye geti?"

Anajua. Alilitafuta jina lake zamani, akiwa darasa la nne. Alicheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika. Halafu akatazama mlangoni.

"Usimwambie Mama. Kesho akikuuliza, sema mwanga. Na useme kwa nguvu."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikatoka kwenye korido, nikalia kama mlevi.

Mtoto anakwenda kukatwa mguu, na bado ndiye anayenibeba mimi.

Kesho saa mbili asubuhi wanamwingiza chumba cha upasuaji. Nitamshika dada mkono, na akiniuliza nitajibu kama nilivyoagizwa. Mungu atanisamehe, au hatanisamehe.

Mguu haurudi.